Mhariri, watoto wa yule rubani ni wanne sio wawili

Mhariri, salamu na pole na kazi.

Nimesoma makala yenu kuhusu James Stewart, yule mwigizaji wa Marekani aliyerusha ndege za mabomu kwenye vita kuu ya pili, tena nimeisoma mara mbili maana huyu mzee nampenda sana. Sasa nina neno. Safari zake za vitani mmezihesabu, 20, sawa. Nishani mmehesabu. Injini za B-24, ile ndege yake ya mabomu, mmehesabu, nne, na watu kumi ndani. Tukifika kwenye watoto mnaandika wawili, mstari mmoja tu kule mwishoni, ameacha watoto wawili, basi imeisha. Sio kweli, na hili sio kosa la kalamu tu.

Nianze na baba yake maana huko ndo kwenye utamu. Mzee Alexander alikuwa na duka la misumari na nyundo kwenye mji mdogo unaitwa Indiana, uko Pennsylvania (mji jamani, sio lile jimbo, watu wanachanganya kweli). Kijana kapata Oscar Februari 1941, kampelekea baba, mzee kaiweka dirishani dukani, anayekuja kununua skrubu aione, ikakaa pale miaka na miaka. Mwezi uliofuata yule staa mzima akaingia jeshini akiwa askari wa chini kabisa, dola 21 kwa mwezi, na hapo mara ya kwanza walishamrudisha nyumbani eti mwembamba mno, kilo hazitoshi, akaenda kula akarudi. Leseni ya kurusha ndege alikuwa nayo tangu 1935. Wakati wa kuondoka kwenda Uingereza baba akampa barua, na pamoja nayo akamwekea Zaburi ya 91. Wanaoijua watakumbuka pale pa mshale urukao mchana, na Waingereza walikuwa wanapiga mabomu usiku, Wamarekani ndo walikuwa wanakwenda mchana kweupe. Kila nikiunganisha hayo mawili nasisimka.

Kambi yao ilikuwa Tibenham, huko Uingereza, akifika kule mwisho wa 1943 anaongoza skwadroni. Ile ndege haikuwa na joto ndani, futi elfu ishirini juu, upepo unaingia ubavuni kwenye madirisha ya bunduki, mtu akivua glavu ngozi inabaki kwenye chuma. Tarehe 24 Februari 1944 kundi lao lilipeleka ndege 25 Gotha, mji wa Ujerumani, 13 hazikurudi. Hebu zidisha kwa watu kumi. Siku hiyo yeye hakupaa, ila kesho yake tu alikuwa angani anakwenda Fürth, huko huko Ujerumani, mzinga wa Wajerumani ukatoboa sakafu ya ndege karibu na miguu yake, anaona chini! Akairudisha hivyo hivyo. Hapa makala yenu iko vizuri sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwamba kwenye makala vita vikiisha na mtu anaisha. Mwenyewe wala hakupenda kusimulia, alirudi 1945 ni kanali na akakataa mambo yake ya vitani yatumike kutangazia filamu zake, na mimi naona alikuwa sahihi kabisa, kwasababu hata huko chini mabomu yalikokuwa yanaangukia kulikuwa na nyumba na watoto wa watu, hilo mtu aliyelifanya ndo analijua kuliko sisi wa kusoma kwenye kochi.

Kaoa 1949, ana miaka 41, watu walishakata tamaa. Mkewe Gloria alikuja na watoto wawili wa kiume kutoka ndoa yake ya kwanza, Ronald na Michael, na Stewart akawachukua rasmi wakawa wanawe. Miaka miwili mbele wakazaliwa mapacha wa kike. Nyinyi mmehesabu mapacha tu, au sivyo? Maana sioni hesabu nyingine ya kuwapa wawili.

Na mmoja wa hao wa kiume mliowaruka, Ronald, ndo mwenye habari nzito kuliko safari zote 20. Stewart hakuacha jeshi, alibaki akiba, 1959 wakampa brigedia jenerali, na 1966 akiwa na miaka 57 akapanda B-52, ndege nyingine ya mabomu, kama mwangalizi kwenda kupiga mabomu Vietnam. Ronald naye akaingia Marines, kikosi cha askari wa majini wa Marekani, akawa luteni akapelekwa vita hiyo hiyo, na Juni 1969 akauawa, ana miaka 24. Fikiria baba aliyepewa Zaburi na baba yake akarudi mzima, halafu yeye ndo anapokea taarifa ya mwanawe. Mmeandika aya mbili nzima za mizinga ya kutungulia ndege na hili hata nusu sentensi hamna.

Gloria akafariki Februari 1994. Baada ya hapo mzee akawa hatoki tena nyumbani, na mwisho wa 1996 kile kifaa cha kuendesha moyo kilitaka kubadilishwa betri, akakataa, akasema waache tu. Akafa Julai 1997.

Sidai mchapishe barua yote kama nafasi hakuna, kateni mtakavyo, hata hapo kwenye skrubu toeni. Ila ule mstari wa mwisho wa makala naomba urekebishwe. Wa kiume wawili, mmoja alitangulia, na wa kike wawili. Wanne.

Msomaji wenu wa siku nyingi