Turbo na supachaja: hesabu yake ni kuzidisha, si kujumlisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maelezo kuhusu makala iliyotoka katika ukurasa wenu wa magari wiki mbili zilizopita, iliyohusu gari la mbio za kupanda mlima lililoundwa nyumbani na kufungwa turbo pamoja na supachaja katika injini moja. Nimefurahi kuona mambo haya yakiandikwa kwa Kiswahili, na mwandishi anastahili pongezi. Hata hivyo, sentensi mbili za makala ile zimeninyima usingizi. Ya kwanza ilisema kwamba gari lile lina turbo mbili. Ya pili ilisema kwamba fundi anayefunga vyote viwili hupata nguvu maradufu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi hapa Worcestershire, Uingereza, na kwa miaka 6 nimekuwa nikiunda gari la namna hiyo katika gereji ya nyumbani kwangu. Naandika kwa sababu najua yupo kijana kule Gerezani, Dar es Salaam, au kwingineko ambaye amekata makala ile na kuibandika ukutani juu ya jiriwa lake, na nahofia yatakayompata akiifuata neno kwa neno.

Vyote viwili ni vifaa vya kubana hewa na kuisukuma ndani ya injini. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka katika injini. Mizunguko ya injini ikiwa ya chini moshi huwa mchache, kwa hiyo turbo hukawia kuamka, na dereva aliyekwisha kukanyaga mafuta hubaki akisubiri. Supachaja huzungushwa kwa mkanda na kranki, yaani mhimili mkuu wa injini. Haisubiri chochote, lakini kila inapozunguka hula sehemu ya nguvu inayosaidia kuizalisha, na kadiri mizunguko inavyopanda ndivyo ulaji huo unavyoongezeka. Anayeviunganisha anataka supachaja ifanye kazi ya chini na turbo ifanye kazi ya juu, ili injini ndogo iitike mara moja inapokanyagwa na isichoke inapofika juu. Anachokinunua kwa jasho lake ni wakati: nguvu ije lini. Wingi wa nguvu angeweza kuupata kwa turbo moja kubwa, kwa gharama ndogo na mabomba machache.

Waliotangulia walilijua hilo. Lancia Delta S4, gari la mbio lililoshinda RAC Rally ya Uingereza ya Novemba 1985 likiendeshwa na Henri Toivonen, lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,759 tu. Kanuni za wakati ule zilizidisha ujazo wa injini yenye kusukumiwa hewa kwa 1.4, na 1,759 ukizidisha hivyo hubaki chini ya 2,500, daraja lililoruhusu gari jepesi. Injini ndogo kiasi hicho ikifungwa turbo kubwa peke yake ingelala kila kona, ndiyo maana wakaifunga supachaja pia. Wazee waliosimama kando ya barabara za Kenya katika Safari Rally ya 1986 hawakuiona S4, kwa kuwa Lancia walileta gari lao la 037 lenye supachaja peke yake, na dereva wao Markku Alén akamaliza wa tatu nyuma ya Toyota mbili. Baadaye Nissan waliweka mfumo wa turbo na supachaja katika gari la March lenye injini ya sentimita za ujazo 930, na Volkswagen wakauweka katika injini ya lita 1.4 waliyoitoa mwaka 2005. Katika injini hiyo ya Volkswagen, mizunguko ikipita 3,500 kwa dakika supachaja huachiliwa kabisa na klachi ya sumaku, na turbo hubaki peke yake. Kama shabaha ingekuwa kuongeza nguvu juu ya nguvu, wasingeifungua.

Mahali ninaposhindana pananifundisha jambo hilo kuliko kitabu chochote. Shelsley Walsh ni njia nyembamba ya lami inayopanda kilima katikati ya miti, yenye urefu wa mita 914 tu, na imekuwa ikitumika kwa mashindano tangu 1905. Magari ya haraka kuliko yote huimaliza chini ya sekunde 23. Gari huanza likiwa limesimama kwenye mwinuko, kabari ikiwa nyuma ya gurudumu; taa ya kijani ikiwaka dereva huondoka anapokuwa tayari, na kipande cheusi kilichofungwa mbele ya gari hukata mwanga wa saa. Muda wa futi 64 za mwanzo hupimwa peke yake, na kila fundi hapa hutazama namba hiyo kabla hajatazama muda wa jumla. Kwa kawaida tunapanda mara mbili kwa mazoezi na mara mbili kwa mashindano, kwa hiyo siku nzima injini yangu huwa katika mbio kwa dakika mbili na kitu. Hakuna mzunguko wa pili wa kurekebisha kosa. Turbo ikikawia sekunde moja kutoka katika kona, sekunde hiyo imekwenda na haitarudishwa na nguvu yoyote itakayokuja baadaye.

Niongeze kwa ajili ya vijana kwamba njia hii ni mali binafsi na hufungwa. Mashindano katika barabara za umma yalikomeshwa hapa mwaka 1925, baada ya mtazamaji kuumia katika kilima cha Kop. Najua barabara ya Mombo kwenda Lushoto inavyovutia, nimeipita mara nyingi nikiwa kijana, lakini ile ni njia ya mabasi na ya akina mama wanaotoka sokoni. Katika uwanja uliofungwa, kazi ya nyumbani ina heshima kubwa. Magari yaliyoundwa mabandani yamekuwa yakishindana Shelsley tangu zama za mababu. John Bolster na ndugu yake walilianza lao, Bloody Mary, mwaka 1929, nalo lilipata umaarufu likiwa na injini mbili za pikipiki.

Gari langu ni Toyota Starlet ya 1982, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo wasomaji wengi wa umri wangu waliwahi kuipanda. Nimeifunga injini ya Toyota 4A-GZE ya sentimita za ujazo 1,587, ambayo ilitoka kiwandani na supachaja yake yenye klachi ya sumaku, kisha nikaongeza turbo mbele yake. Hewa huanzia kwenye turbo, hupita katika supachaja, ndipo huingia katika injini. Kando ya supachaja kuna bomba la pembeni lenye kilango, ili turbo ikishika kazi na supachaja ikisimama, hewa ipate njia.

Hapo ndipo hesabu inapowapoteza watu, nami nilipotea. Tuseme turbo inaongeza shinikizo la hewa kufikia mara 1.5 ya hewa ya kawaida, na supachaja kufikia mara 1.6. Anayejumlisha husema 0.5 na 0.6 ni 1.1, kwa hiyo injini itapata mara 2.1. Sivyo. Supachaja hupokea hewa ambayo turbo imekwisha kuibana, nayo huizidisha: 1.5 mara 1.6 ni 2.4. Tofauti hiyo ya 0.3 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndani ya silinda inatosha kuvunja pistoni. Kisha kuna joto. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi ikibanwa mara 2.4 kwa vifaa vya kawaida hutoka ikiwa na nyuzi zinazokaribia 150. Hewa ya moto namna hiyo hulipua mafuta kabla ya wakati wake, na injini huanza kugonga.

Katika msimu wangu wa pili niliisikia injini ikigonga. Sauti yake ni kama changarawe zinazotikiswa ndani ya sufuria, na ilikuja mita chache kabla ya mstari wa mwisho, nikaachia mafuta nikiwa nimechelewa. Nilipofungua kichwa cha silinda nikakuta pistoni mbili zimepasuka katikati ya ringi. Nilitafuta sababu kwa majuma matatu. Mwishowe niliona kwamba mkono wa kile kilango ulikuwa umepinda kidogo, hivyo kilango kikawa hakifungi hadi mwisho, kikaacha pengo la milimita 4. Kupitia pengo hilo supachaja ilikuwa ikiirudisha hewa yake yenyewe nyuma na kuibana tena, ikizidi kuipasha moto kila mzunguko. Kompyuta ya injini haikuona chochote, kwa sababu kipimajoto nilikuwa nimekifunga kabla ya supachaja badala ya baada yake. Kosa hilo lilikuwa langu mwenyewe. Kijana anayesoma gazeti lenu akumbuke angalau hili: kipimajoto kikae mahali pa mwisho kabisa, hewa inapoingia katika injini, na kilango kikaguliwe kwa mwanga wa tochi kila kabla ya mbio.

Dawa ya joto ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ni ya mbio za mlima peke yake. Gari la barabarani linahitaji rejeta ya kupoza hewa safari nzima, na rejeta hiyo huongeza uzito na mabomba marefu ambayo huchelewesha mwitiko. Mimi nahitaji kupoza kwa nusu dakika. Nimeweka tangi la lita 10 za maji yenye barafu mahali pa kiti cha abiria, na pampu ndogo inayoyazungusha katika kifaa cha kupozea kilichokaa karibu kabisa na injini. Hesabu yake ni hii: joto la kilowati 20 kwa sekunde 30 ni kilojuli 600, na kiasi hicho hupandisha lita 10 za maji kwa nyuzi 14 hivi, hata kama barafu yote imekwisha kuyeyuka. Nikifika juu nafungua koki, namwaga, najaza tena kwa ajili ya zamu inayofuata. Asubuhi ya mashindano mke wangu hunisaidia kuvunja barafu kwa nyundo ndani ya gunia, kama walivyokuwa wakifanya wavuvi wetu kule Tanga.

Sasa niseme kuhusu hizo nguvu maradufu. Msimu wa kwanza, nikiwa na supachaja peke yake, muda wangu bora ulikuwa sekunde 36.42. Nilipoongeza turbo, mashine ya kupimia nguvu ilionyesha ongezeko la nguvu za farasi 58, na nilirudi nyumbani siku ile nikiamini kazi imekwisha. Kilimani nikapata 36.09. Nguvu zote zile zilinipa theluthi moja ya sekunde! Niliposoma kumbukumbu za kompyuta nikaelewa: supachaja ilikuwa ikiachia na turbo kupokea kwenye mizunguko 4,600 kwa dakika, na mizunguko hiyo niliifikia katikati kabisa ya Bottom Ess, kona ya kushoto ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Kranki ikitua mzigo wa supachaja ghafla, magurudumu ya nyuma hupokea nguvu ambayo mguu haukuiomba, na mkia wa gari hutoka. Bila kujua nilikuwa nimejizoeza kuachia mafuta kabla ya pale.

Sikugusa injini. Nilibadilisha difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, nikaweka yenye uwiano mfupi zaidi, ili mpokezano ule utokee mapema, katika sehemu iliyonyooka kabla ya kona. Halafu nikapunguza shinikizo la turbo, na nikakifanya kilango kifunguke polepole ndani ya sehemu ya sekunde badala ya kufunguka kwa kishindo. Mashine ya kupimia nguvu sasa inaonyesha nguvu za farasi 21 pungufu kuliko siku ile ya furaha yangu. Kilimani nimepata sekunde 34.17.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. Naomba ukurasa wenu wa magari usahihishe kwamba supachaja si turbo ya pili, na uchapishe ile hesabu ya kuzidisha kwa maandishi ya kuonekana, kabla kijana hajatumia akiba yake kununua vifaa viwili na kuvifungulia vyote hadi mwisho. Pia, mnapoandika tena kuhusu gari la nyumbani, mwulizeni fundi joto la hewa inapoingia katika injini na mizunguko ambayo mpokezano hutokea, kwa maana mkimwuliza nguvu za farasi peke yake atawatajia, nanyi mtakuwa bado hamjajua kama gari lake linapanda mlima.

Nimechora mabomba yote ya gari langu pamoja na vipimo, na jinsi kilango kinavyokaa kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Nautuma mchoro huo pamoja na barua hii bila malipo yoyote. Mkiweza kuuchapisha, tafadhali msiupunguze sana, kwa sababu vipimo vya kilango nimeviandika kwa penseli na namba zake ni ndogo.

Msomaji wenu,
Worcestershire, Uingereza