Njoo Kabla Korosho Hazijaanza Kuanguka

Mtwara,
Agosti 2025

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi, shoga yangu. Huku hatujambo. Kusi inavuma, mikorosho iko kwenye maua, na wanaume wengi wako mashambani wanapuliza salfa. Baba Asha anakusalimu, na watoto wanauliza kama utakuja na furu na sangara wakavu wa Mwanza kama safari ile.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mhariri amekubali uje kusini kuandika habari za madini na nishati, na kwamba unataka kuanzia Msimbati kwenye visima vya gesi, kisha Likong'o, Lindi. Nakuomba uipindue safari hiyo. Anzia Ruangwa, mkoani Lindi, kwenye kinywe, yaani madini ya grafiti.

Gesi ya Mnazi Bay, hukohuko Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982. Kwa karibu miaka 30 ni waandishi wachache mno walioifuata mpaka kijijini. Likaja bomba la kuipeleka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500, na Mei 22, 2013, bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, Mtwara ikawaka kwa ghasia za kulipinga. Siku hiyo ndipo magari ya vyombo vya habari yalipojaa mjini. Kilichoandikwa kikawa habari ya polisi: nani kakamatwa, nyumba ya nani imechomwa, wanajeshi wamefika lini. Maswali yaliyowatoa watu majumbani yalikuwa ya muda mrefu, nayo yalistahili kuulizwa kwa utulivu miaka mingi kabla: halmashauri itapata nini, vijana watafundishwa kazi gani, mvuvi ataruhusiwa kupita wapi. Likong'o ni hivyohivyo. Zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi, watu wakaambiwa wasiendeleze mashamba, na fidia ikaanza kulipwa mwaka 2020. Hebu fikiria mkulima wa mikorosho aliyezuiwa kupanda mche kwa miaka yote hiyo. Hasara yake haionekani kwenye picha, kwa hiyo haikupigwa picha.

Kinywe bado hatujachelewa. Mgodi mmoja Ruangwa umeshaanza kuzalisha, miradi mingine mikubwa ingali kwenye makaratasi, kwenye mikataba na kwenye vigingi vya zege katikati ya mashamba ya watu. Dunia inakitaka kinywe kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na kila hotuba inayotolewa huku inataja nishati safi. Mimi sipingi nishati safi, wala watu wa Ruangwa hawapingi. Wanataka kujua usafi huo utafika mpaka wapi, na kama kijiji chao kimo.

Wewe umezoea dhahabu, kwa hiyo utakuja ukitafuta zebaki na sayanidi. Kwenye kinywe hutazikuta. Mwamba wa kinywe unasagwa, unachanganywa na maji, mafuta kidogo ya taa au dizeli na dawa ya kutoa povu. Kinywe kinapanda juu na povu, kinakaushwa, kinachekechwa na kufungwa kwenye mifuko. Kinachobaki ni sehemu kubwa ya jiwe lile, tope ambalo lazima lihifadhiwe kwenye bwawa miaka na miaka. Miamba ya namna hii mara nyingi ina salfaidi, madini yenye salfa, ndani yake, na ikikutana na hewa na maji inaweza kutoa tindikali. Uliza basi: chini ya bwawa kumewekwa nini? Visima vya kijiji vilipimwa kabla kazi haijaanza? Nani anapima sasa, na majibu yanabandikwa wapi? Ruangwa mvua inakatika mwezi wa nne au wa tano, hairudi mpaka Novemba au Desemba. Miezi yote hiyo akina mama wanashindania foleni ya ndoo. Mtambo unaokunywa maji mchana na usiku ni habari kubwa kuliko mazungumzo ya bei ya tani.

Na vumbi. Kaskazini mashariki mwa Uchina, wanakijiji wanaoishi jirani na viwanda vya kinywe wamelalamikia vumbi jeusi linalong'aa kwenye mazao, kwenye nguo walizoanika, hata kwenye maji ya kunywa. Sisemi Ruangwa imefika huko. Nasema mkorosho unatoa maua wakati huuhuu wa kiangazi, barabara zikiwa kavu kabisa, na nimemuuliza kila mtaalamu niliyekutana naye kama kuna aliyepima vumbi linafanya nini kwenye ua la mkorosho. Swali hilo ulibebe nawe.

Sasa nikupe silaha yenyewe. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, zinataka ripoti iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Muhtasari huo uulizie kila kijiji unachoingia. Uulizie kwa mtendaji, halmashauri, na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Mimi nikifika kijijini huwa naomba tusomewe kwa sauti. Mara nyingi haupo. Ukipatikana, utashangaa jinsi mkutano unavyobadilika: watu wanaacha kubishana na uvumi, wanaanza kuuliza ukurasa kwa ukurasa. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa mazingira katika mikoa hii, kuliko picha za mitambo.

Katika kijiji kimoja bibi aliniita ndani akafungua mfuko wa plastiki aliokuwa ameuficha chini ya godoro. Ndani mlikuwa na fomu ya uthamini wa mali yake kwa ajili ya fidia, imekunjwa mpaka mikunjo inakatika. Mikorosho yake imeorodheshwa kwa madaraja, mikubwa, ya kati, midogo, na miembe mbali. Chini kuna alama ya dole gumba, wino wa zambarau. Akaniambia, "Mwanangu, dole ni langu. Nisomee nilikubali nini." Nikamsomea. Aliponisikia nikitaja mikorosho midogo alinisimamisha, akahesabu kwa vidole, akasema imepungua. Hakuna aliyewahi kumsomea orodha ile ilipoandikwa. Tarehe ya fomu nayo ilikuwa ya zamani, na Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema fidia ikipita miezi 6 bila kulipwa inadai riba, na miaka 2 ikipita uthamini unarudiwa. Yeye alidhani akiuliza ataonekana anapinga maendeleo.

Neema, niliumia. Bado naumia nikikuandikia.

Usiandike jina lake wala la kijiji. Watu wakishajua nani kazungumza, kinachofuata hakitupati sisi tunaoondoka na basi.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, Balama huko Cabo Delgado, Msumbiji, mgodi mkubwa wa kinywe ulisimama mwishoni mwa 2024 kwa sababu ya wakulima waliodai haki zao za ardhi na kuhamishwa. Ni majirani zetu, wengine ni ndugu kabisa. Ukiongea na wakubwa wilayani wakumbushe hilo kwa heshima: mgodi unaosikiliza mapema unaokoa fedha zake na amani ya watu.

Upande wa halmashauri, ulizia ushuru wa huduma, unaokatwa kwenye mauzo, na mpango wa mwaka wa wajibu wa kampuni kwa jamii, ambao sheria inataka ukubaliwe na halmashauri. Omba kuona madarasa na zahanati zilizotajwa humo. Nenda ukazikague mwenyewe, ukahesabu madawati.

Usije Oktoba. Korosho zikianza kuanguka hutampata mtu kijijini mpaka jioni, na jioni amechoka. Njoo Septemba. Kutoka Dar panda basi la Masasi, shuka Nanganga, pale utapata gari la Ruangwa na lami ni nzuri. Barua ya utambulisho iandikwe mapema kwa mkuu wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi. Mimi nitakutangulia nionane na watendaji, na bibi nimeshamwambia kuna mgeni anakuja. Ameomba umletee nakala ya ile sheria ya uthamini, kwa maandishi makubwa.

Wako,
Somoe