Kampeni za sheria ya utangazaji zitaje kifungu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu kampeni za wananchi wanaodai sheria za utangazaji zibadilishwe. Nyingi hukusanya saini chini ya maneno kama "tunataka uhuru wa mawimbi", ambayo mbunge yeyote huyaunga mkono kwa sababu hayamgharimu chochote.

Waliofanikiwa Marekani walishika jambo dogo zaidi. Mwaka 2000 Bunge la nchi hiyo lilizibana redio ndogo za jamii, zisizozidi wati 100, kwa kuagiza zikae mbali mno na masafa ya vituo vikubwa ili zisiyaingilie. Utafiti wa kitaalamu uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kuwa hofu hiyo haikuwa na uzito, na wanaharakati, makanisa na vikundi vya mitaa wakaling'ang'ania sharti hilo hadi lilipofutwa kwa sheria iliyotiwa saini Januari 2011. Miaka kumi kwa sharti moja, na wenye vituo vikubwa, bila shaka, hawakulala!

Kwa hiyo kila anayeniletea karatasi ya saini mimi humwomba kwanza anionyeshe ni kifungu kipi anataka kifutwe, na maneno gani yawekwe mahali pake.

Msikilizaji wa redio