Mlango wa leba umpokee na msaidizi wa mzazi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Mzazi anayekwenda kujifungua kutoka visiwa vya Makoongwe, Kojani au Fundo huvuka maji na mtu wake: mama, shangazi, wifi au somo, yaani kungwi wake. Huyo ndiye aliyemshika mkono kupanda chomboni, na ndiye ajuaye uchungu umeanza saa ngapi na chupa imepasuka lini. Mara nyingi wakifika mlango wa leba, wodi ya kuzalia, huambiwa abaki nje na beseni na kanga zake, na yale ayajuayo hubaki naye nje. Mwenye jamaa anayefanya kazi ndani hupenyezewa mtu. Wa kisiwani hana wa kumpenyezea. Hilo si haki.

Siku hizi kazi ya msaidizi huyu husifiwa kwa jina la dula, neno la Kigiriki lenye maana ya mjakazi. Sisi tunaye somo, na jina lake lina heshima zaidi.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu mpya ya kufuatilia uchungu, inayoanza kujazwa njia ya uzazi ikifunguka sentimita 5. Juu kabisa, kabla hata ya moyo wa mtoto, mkunga anatakiwa aandike mambo manne: mzazi ana msaidizi? Amepunguziwa maumivu? Anakunywa? Amelala chali au anatembea? Kukosa msaidizi kumewekwa kwenye safu ya tahadhari, safu ile ile ya moyo wa mtoto kushuka chini ya mapigo 110 kwa dakika. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, uliokusanya zaidi ya wanawake 15,000 katika nchi 17, ulionesha kuwa mzazi mwenye mtu wa kukaa naye muda wote hupata uchungu mfupi kidogo na hupungukiwa na uwezekano wa kupasuliwa.

Mkunga mwenye wazazi wanne kwa zamu moja hawezi kukaa na mmoja. Msaidizi anaweza. Uchungu ukipanda, humkandamiza kiuno kwa kisigino cha kiganja, chini kabisa karibu na makalio, akaachia ukishuka. Humpa maji au uji mwepesi, funda kwa funda. Kila baada ya saa mbili humkumbusha kwenda haja ndogo, kwa sababu kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka, na baada ya kuzaa huuzuia mji wa mimba kukaza. Akichoka kutembea humlaza ubavu wa kushoto. Akilala chali, mimba hukandamiza mshipa mkubwa wa damu na mtoto hupungukiwa na hewa.

Wakunga wanaowakataa wasaidizi wana sababu, na tunazijua. Wako wasaidizi wanaomhimiza mzazi asukume kabla njia haijafunguka yote, akachoka na mlango wa uzazi ukavimba. Wako wanaomsukuma tumbo kwa mikono. Wabaya zaidi ni wanaoficha dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu kwenye chupa ya chai, kwani mji wa mimba unaweza kuchanika. Lakini makosa haya huzuilika kwa kumfundisha mtu mapema. Kliniki ya wajawazito imuulize mzazi amtakaye, iandike jina hilo kwenye kadi, na imwite msaidizi huyo angalau mara moja kabla ya mwezi wa tisa aelezwe hayo matatu ana kwa ana.

Lipo na suala la stara. Ukumbi wenye vitanda vingi hauwezi kuingiza waume, hata yule ambaye mkewe anamtaka. Basi aingie mwanamke mmoja kwa kila mzazi, kuwe na pazia kati ya kitanda na kitanda, na kigoda cha kukalia. Uchungu ukiwa mrefu, wapokezane wawili, lakini ndani awe mmoja.

Mtoto akishazaliwa, msaidizi asitolewe nje. Saa mbili za mwanzo ndizo damu nyingi hutoka. Aoneshwe namna ya kupapasa mji wa mimba chini ya kitovu cha mzazi: panatakiwa pawe pagumu kama mpira. Pakilegea, au kitambaa kikiloa chote kabla ya dakika 5 kwisha, amwite mkunga hapo hapo kwa sauti, asione haya.

Tunaiomba Wizara ya Afya Zanzibar itoe waraka mmoja kwa leba zote za Unguja na Pemba, ubandikwe mlangoni kwa Kiswahili, ili msaidizi asitegemee huruma ya aliye zamu.

Wakunga na watetezi wa afya ya wazazi,
Chake Chake, Pemba