Mwanangu, wasomee utabiri wote

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu Makanya. Sisi hatujambo. Bibi yako ameanza tena kutembea na fimbo yake, na mdogo wako yuko katikati ya mitihani ya kidato cha nne, mwachie asome, usimpigie usiku.

Nakuandikia kwa sababu ya ile sauti yako. Uliyowarekodia wakulima wa kata yako imefika kwa shangazi yako Korogwe, shangazi akaitupa kwenye kundi la ukoo, na juzi nimeisikia sokoni kwenye simu ya mama mmoja anayeuza dagaa, ambaye hata hajui kuwa wewe ni wangu. Alikuwa anawaambia wenzake, "Huyu afisa ugani wa Handeni anajua kueleza." Moyo wangu ulijaa. Nikasogea nisikie vizuri, ndipo nikakusikia unasema: mvua za vuli zimeanza, ingizeni mbegu shambani.

Zimeanza wapi, mwanangu?

Ile mvua ya Ijumaa ilipita na huku. Asubuhi yake saa 3 nilikwenda shuleni kusoma kipima mvua, kikaonyesha milimita 11. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa milimita moja ni lita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba, basi piga hesabu: lita 11 kwa kila mita, halafu jua la Novemba juu yake. Nilipotoka pale nilipitia shamba la chini na jembe. Juu udongo ulikuwa mweusi, unashikana, ungefurahi kuuona. Nikafukua. Unyevu uliishia urefu wa kidole cha kati, na chini yake vumbi lile lile la Septemba, likikauka mkononi na kumwagika katikati ya vidole. Mbegu ukiiweka pale itachipua, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Itachipua, itatoa majani mawili, mkulima atamwita mkewe waje waone, kisha mzizi utashuka na kukuta pakavu.

Mnafundishwa chuoni kwamba mvua ya kupandia ni kama milimita 20 ndani ya siku moja au mbili, na isifuatiwe na ukavu wa zaidi ya siku 10. Sehemu ya kwanza mkulima anaweza kuipima mwenyewe. Ya pili ndiyo wanayokutegemea wewe, maana wewe ndiye unayepokea utabiri wa siku 10 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Je, uliusoma kabla ya kurekodi? Mimi niliusikia redioni jioni ya Jumapili baada ya mvua ile, na haukuwa na mvua ya kutosha kwa upande wetu wala wenu.

Sisemi kuwa hujui kazi. Unajua kuliko maafisa wengi waliopita huku, na baba yako angekuwa hai angetembea na picha yako ya mahafali mfukoni. Nasema una haraka. Tangu utotoni unapenda kuwa wa kwanza kuleta habari njema nyumbani. Lakini mvua si habari ya kuwahi kuitoa.

Wasomee utabiri wote. Mwaka huu wamesema vuli itakuwa ya wastani hadi chini ya wastani, na vipindi virefu vya ukavu. Watu wengi wakisikia "wastani" wanashika hilo tu wanaondoka. Waeleze kuwa wastani kwenye utabiri ni kuanzia asilimia 75 mpaka 125 ya mvua iliyozoeleka mahali pale, na chini ya asilimia 75 ndiyo wanayoiita chini ya wastani. Waeleze pia kuwa hiyo ni jumla ya msimu mzima, Oktoba mpaka Desemba, kwa kanda kubwa inayoshika Tanga, Pwani, Dar es Salaam, visiwa vya Unguja na Pemba na kaskazini mwa Morogoro. Haisemi lolote juu ya shamba la mzee fulani nyuma ya kilima. Jumla inaweza kutimia kwa mvua tatu kubwa zinazobomoa matuta, na katikati yake mahindi yakafa.

Na sababu waambie, watu wazima hawapendi kupewa amri bila sababu. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu wa Afrika, vuli inakuwa kubwa kama ile ya 2019, ambayo huko Handeni na Korogwe bado wanaikumbuka kwa mafuriko na barabara zilizokatika. Upande wetu ukipoa na joto likahamia Indonesia, mvua inahamia huko nayo. Ukichanganya na La Niña, yaani maji ya katikati ya Bahari ya Pasifiki yakipoa kuliko kawaida, vuli yetu inanyauka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 2021. Ng'ambo ya Mto Pangani, kwa wafugaji wa Simanjiro, ng'ombe walikufa mpaka watu wakaacha kuwahesabu. Ule mwaka shamba letu la chini lilipandwa mara mbili, na mbegu ya mara ya pili ndiyo iliyokuwa ada yako ya muhula. Wewe uliambiwa mahindi hayakupata bei.

Kuna jambo jingine linanikosesha usingizi. Wewe umekulia Makanya. Hapa mvua ikinyesha milimani Vudee, hata kama juu yetu mbingu ni kavu, maji yanashuka korongoni tunayaelekeza kwa mifereji mpaka kwenye majaruba. Tukikosea tarehe ya kupanda, mlima unatusaidia. Huko juu wana ndiva zao za kukusanyia maji tangu enzi za mababu. Mkulima wako wa Handeni hana Vudee. Ana ile mvua inayomwangukia kichwani tu. Kwa hiyo lile jicho lako la kutazama mawingu na kusema "tupande" ni jicho la huku, usilitumie huko. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, ila mawingu ya vuli yanaweza kukaa wiki nzima yakikutazama.

Najua utanijibu kuwa wakichelewa nayo ni hasara, na ni kweli. Vuli ni fupi. Mahindi ya siku 100 ukiyapanda katikati ya Novemba yanakomaa mwishoni mwa Februari, na mvua huwa imekwisha zamani. Sikwambii wakae mikono mifukoni. Waambie wagawe shamba: kipande kimoja wakipande sasa kama wameshaamua, kingine wakiachie mvua ya kushiba. Mahindi yawe ya muda mfupi kama Situka, na wasimwage mbegu yote. Choroko na kunde zinamaliza kwa miezi miwili na kidogo, zinaweza kusubiri bila hofu. Mtama unavumilia, hata kama vijana hawautaki kwa sababu ya ndege. Mihogo Handeni wanaijua kuliko mimi na wewe, usiende kuwafundisha, waulize. Na siku hizi za ukavu zina kazi yake: wachimbe makinga maji, matuta yakae kukata mteremko, ili ikija mvua moja nzuri isikimbilie mtoni.

Mbegu ya mkulima si ya serikali, mwanangu. Kaipata kwa kuuza kuku au kwa kukopa kikoba, na akipanda mara ya pili ni deni la pili. Wakati huo wewe mshahara umeingia. Watakusalimia vizuri bado, watu wa huko wana adabu, lakini msimu ujao ukiwaita mkutanoni watatuma watoto.

Basi rekodi sauti nyingine. Usijitetee ndani yake, useme tu kuwa utabiri wa siku 10 unaonyesha hivi, anayetaka kupanda afukue kwanza apime unyevu, na tarehe fulani utawaletea mwingine. Uitume kabla ya siku ya gulio lenu. Kisha nenda kwa wazee wenye mashamba ya bondeni uzungumze nao uso kwa uso, wasiokuwa na simu ndio wengi. Usivae ile suruali ya kubana.

Bibi anasema mibuyu ya kule njia ya Hedaru imechipua majani, kwa hiyo mvua haiko mbali. Namheshimu, na mara nyingi husema kweli, ila mbuyu hausemi itanyesha siku ngapi.

Fedha uliyotuma imefika. Nimeezeka upande wa jikoni, bati mbili zimebaki, nazitunza kwa ajili ya banda la mbuzi. Yule mwenye madoa amezaa mapacha, mmoja dhaifu, namnyonyesha kwa chupa. Mjomba wako anataka kukodi shamba la chini mwaka ujao, nimemwambia sina jibu mpaka wewe uje Krismasi. Chandarua chako kipya nimekiona bado kiko kabatini, kwa nini ulikiacha?

Kunde za mbegu nimezifungia kwenye mfuko wa bluu, kilo nne, nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Mpokee stendi kabla ya saa nane, maana akigeuza anaondoka nazo. Mbili ni zako, mbili mpe yule mama anayekupangisha.

Mama yako.