Kondoo bado anakonda na dawa ya minyoo umeshampa? Tuzungumze madini

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu na habari ya kondoo aliyekonda huwa wameshaamua: ni minyoo. Wanataka chupa ya dawa, walipe, waende. Anayerudi mara ya tatu na malalamiko yale yale, tunamwomba apeleke kinyesi kikapimwe kabla hatujamuuzia chupa nyingine. Mayai ya minyoo yakionekana machache na mnyama anazidi kudhoofika, tunaanza kuuliza habari za malisho.

Hapa Nakuru swali hilo si geni. Tangu enzi za ukoloni kulijulikana ugonjwa wa kukonda uliopewa hata jina la mji, Nakuruitis. Mifugo ilinyong'onyea majani yakiwepo. Udongo ulikuwa na madini ya kobalti kidogo mno. Vijidudu vilivyo tumboni mwa kondoo huihitaji kobalti ili kutengeneza vitamini B12. Ikikosekana, hamu ya kula huisha, sufu huwa hafifu, machozi huchirizika na kugandisha manyoya ya usoni, na ndani ya kope hupauka. Kupauka huko ndiko kunakotupotosha, maana minyoo wanyonya damu nao hupausha kope vivyo hivyo.

Madini mengine ni shaba. Ikikosekana, dalili huonekana kwa wanakondoo. Mama akiikosa akiwa na mimba, mwanakondoo huzaliwa miguu ya nyuma ikiyumba, au huanza kuyumba wiki kadhaa baadaye. Mishipa ya fahamu imeshaharibika tangu tumboni. Shaba utakayompa sasa haitairudisha. Inatuuma kumwambia mfugaji hivyo. Wa kuokolewa ni wa uzao ujao, mama akihudumiwa mapema.

Lakini tafadhali usikimbilie chumvi ya madini ya ng'ombe. Kiasi cha shaba kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumuua kondoo. Hurundikana kwenye ini kwa wiki au miezi bila dalili yoyote, kisha ghafla macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mwekundu wa kuelekea weusi, na mnyama anakufa. Ndiyo sababu tunakuuliza unafuga nini kabla ya kukupa jiwe la kulamba. Magadi nayo yana sodiamu kwa wingi, ila usiyategemee kwa kobalti wala shaba.

Ukija, tueleze kondoo wanalisha wapi, wangapi wameathirika, na chumvi gani wanalamba. Kuhusu sindano ya shaba, hatuuzi mpaka daktari wa mifugo apime damu.