Amahoro, na heri ya Noeli kutoka Kigoma

Amahoro, ndugu zangu. Salamu hii, yaani amani, ni ya majirani zetu wa Burundi, nanyi Waha hamhitaji kutafsiriwa. Heri ya Noeli kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio ziwani, na hasa nyinyi mtakaoila sikukuu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Kila ninaposoma habari ya Maria na Yosefu kukosa nafasi katika nyumba ya wageni, nawakumbuka kina mama wa Burundi kwenye mazungumzo ya amani pale Arusha. Vita vilivyozuka baada ya Rais Ndadaye kuuawa, Oktoba 1993, viliua watu wapatao 300,000. Mwalimu Nyerere alipoanza kusuluhisha, meza ilikuwa ya wanaume. Kina mama, waliofiwa na waliobakwa, waliachwa kwenye korido. Hawakuondoka. Mwalimu akafariki mwaka 1999, Mzee Mandela akaipokea kazi, na Julai 2000 kina mama wa pande zote, Wahutu kwa Watutsi, wakakutana Arusha kuandika madai yao kwa sauti moja: mjane na binti warithi ardhi, wasichana wasome sawa na wavulana, aliyebaka vitani asipate kinga. Mengi yaliingia katika mkataba uliosainiwa Agosti 28 mwaka huo. Asilimia 30 ya nafasi za uongozi, waliyoidai pia, walinyimwa. Wakaja kuipata katika katiba ya 2005. Urithi wa ardhi bado wanaudai.

Haki ndiyo inayoniuma zaidi. Tume ya ukweli na maridhiano iliyoahidiwa Arusha ilisubiri hadi 2014 kupata sheria yake, na mahakama maalumu haikuundwa. Mama asiyejua mwanawe alifukiwa wapi, utamwambiaje asamehe? Amsamehe nani, kwa lipi, na nani amekuja kumwomba?

Sasa ni zamu ya wenzetu wa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2025 amani yao ilijadiliwa Doha na Washington, mbali mno na mama wa Uvira aliyekimbia na watoto mgongoni. Katika misa ya mkesha nitamwombea yeye apate kiti. Nawasihi nanyi mwombeeni, na wenye jamaa serikalini au redioni waulizeni: huko mezani, nani anamsemea?

Mvua zimekuja vizuri na maembe yameiva. Atakayekwenda Nyarugusu kabla ya mkesha anipitie, nina nguo za watoto na dumu la mawese la kupeleka.